Ukuta wa Chumba cha Matone

Saa nane kasoro dakika tano mchana, Mama Matone alikuwa uani nyuma ya zahanati akisugua masanduku ya barafu kwa sabuni ya unga, kazi ambayo hakuna aliyemtuma, wakati fundi cherehani wa mtaa wa juu alipoingia kwa mlango wa mbele na tepu yake shingoni. Fundi hakuomba kadi wala hakumsalimia mtu. Aliweka kiganja cha kulia kwenye ukuta wa korido akaanza kuufuata taratibu huku akijizungusha: bega, mgongo, bega la pili, kifua, kisha bega tena. Alipofika mahali palipokuwa na benchi la chanjo zamani, kiganja kilinasa. Akasimama hapo mdomo wazi, halafu akapita ndani ya ukuta. Alikaa humo kama dakika mbili, akatokea uani, upande wa pili, karibu na masanduku.

"Samahani mama," alisema, akajipangusa vumbi na kurudi kwenye cherehani yake, maana alikuwa na suruali ya mtu aliyeahidiwa saa kumi.

Mama Matone alimjua. Miaka thelathini na mbili nyuma alimshika huyo huyo mashavu, kwa sababu alikuwa mtoto mbishi wa kukaza meno, akamdondoshea matone mawili ulimini na akang'atwa kwa shukrani. Kovu lilikuwepo bado kwenye kidole gumba cha kushoto. Alilitazama, akaona fundi amenenepa, akaendelea kusugua.

Walianza kuja mwanzoni mwa mwezi ule, ambao ulikuwa mwezi wake wa mwisho kazini. Siku ya kwanza walikuja wawili, siku ya tatu kumi, na wiki ya pili ilipoingia hakuna aliyejishughulisha tena kuwahesabu. Alikuja mwalimu na chaki mkononi. Alikuja polisi, akamwachia mlinzi kofia yake ili isikwaruzwe na ukuta. Alikuja mwanamke aliyekuwa saluni, nusu ya kichwa kimesukwa na nusu bado. Wote walikuwa watoto wa matone, na wote walikuja saa nane, kwa sababu zamani asubuhi ilikuwa ya wagonjwa na mchana wa chanjo. Mlinzi alifungua mbawa zote mbili za mlango ili wasigombane. Mganga mkuu, kijana mwenye adabu zake, aliagiza wagonjwa wakae upande wa pili wa korido wasije wakapigwa vikumbo. Mfagiaji peke yake ndiye aliyelalamika, tena kwa haki. Alama za viganja hazikutoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa.

Mama Matone alikuwa na jina lake kwenye kitambulisho, lakini mji mzima ulimwita kwa kazi yake. Alidondosha matone ya chanjo kwenye vinywa vya watoto kwa miaka thelathini na minne, na aliipenda kazi ile kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Alikumbuka benchi refu lililong'arishwa na makalio ya akina mama, kengele ya bati, harufu ya maboksi yaliyolowa barafu, matone yenyewe ya rangi ya waridi. Alikumbuka jinsi mtoto anavyofunga mdomo baada ya tone la pili na kumtazama mtu kama aliyedhulumiwa kitu. Baadaye chanjo zilihamishiwa jengo jipya, chumba kikawa stoo ya majalada, mlango wake ukazibwa kwa tofali na kupakwa rangi. Benchi halikujulikana lilikokwenda. Siku hizi mchanjaji alikuwa msichana mmoja mwepesi wa mkono, mwenye mtoto mchanga wake mwenyewe, na Mama Matone alibaki kumwelekeza hapa na pale na kusugua masanduku yasiyo na uchafu.

Aliyejua kinachoendelea koridoni alikuwa Bwana Hadubini, mtu wa maabara, ambaye naye umri ulishamtupa mkono. Siku ya nne alitoka na kikombe chake cha chai, akaegemea mlango, akatazama mchana kutwa huku akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Dada, hizi ni chembe zangu," alimwambia.

Akamweleza, na yeye akieleza haharakishwi. Tone likishuka tumboni, alisema, kuna chembe nyeupe za damu zinazofundishwa humo humo, kwenye ukuta wa utumbo, jinsi ya kumtambua adui. Zikishahitimu zinatoka, zinazunguka mwili mzima na damu, kichwani, miguuni, kila mahali. Lakini hazisahau kwao. Zinavishwa vishikizo juu ya ngozi zao, na ukuta wa utumbo nao una vishikizo vyake, na hivyo viwili vimechongwa kwa ajili ya kukutana. Chembe ikipita kwenye mshipa wa tumboni inaanza kujiviringisha ukutani, inapunguza mwendo, inanasa, inapenya, inakaa lindoni. Isipokuwa na kishikizo itapita hapo mara elfu na haitaingia. Itakuwa imesoma, ina cheti, ila nyumbani haifiki.

"Kwa hiyo wanarudi walikofundishwa," alisema Mama Matone.

"Wanarudi walikofundishwa. Chai imepoa, ngoja niongeze."

Siku ya tisa alikuja Kidole.

Kidole alikuwa binti yake wa mwisho. Aliitwa hivyo kwa sababu tangu alipoanza kusimama hakukubali kutembea bila kushika kidole cha shahada cha mama yake, cha mama yake tu, na ukimpa cha mtu mwingine anaketi chini. Alikufa akiwa na miaka miwili na miezi minane, kwa ugonjwa ule ule ambao matone yaliwekwa duniani kuuzuia, siku nne tu tangu alipopata homa na kulegea miguu. Sasa aliingia kwa mlango wa mbele akiwa na miaka miwili na miezi minane, na sweta la manjano ambalo Mama Matone alilifuma mwenyewe, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Mlinzi alimpisha. Mtoto aliweka kiganja ukutani, chini kabisa, akaanza kujizungusha: bega, mgongo, bega. Alipofika mahali pa benchi, kiganja hakikunasa. Aliteleza, akapita, akaenda mpaka mwisho wa korido akatokea mlango wa nyuma. Baada ya muda akaingia tena kwa mbele. Alizunguka mara sita, halafu saa tisa ilipogonga hakuonekana.

Mama Matone alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Alilia kidogo, kwa furaha na kwa uchungu, na mfagiaji akamletea maji akamwambia, pole mama, kesho atakuja tena. Kweli kesho yake alikuja tena, na kesho kutwa, na kila siku aliteleza.

Hapo ndipo kitu alichokifukia miaka thelathini kilipoinuka. Zahanati ile ilikuwa na utaratibu usioandikwa popote: watoto wa wafanyakazi huchanjwa mwisho, mama wa mwisho akishaondoka, ili pasiwe na mtu wa kusema wanajipendelea. Kidole alichanjwa kwa utaratibu huo, kwa mkia wa chupa. Mama Matone aliiminya chupa mara mbili. Tone la kwanza lilitoka zima. La pili lilitoka dogo, na povu ndani yake, akasema moyoni litatosha. Hakumwambia mtu habari za povu ila mumewe, tena baada ya mazishi. Mumewe hakumlaumu hata kwa neno moja. Ila tangu siku hiyo hakukubali tena mkewe ammiminie kitu chochote, hata chai. Aliimimina mwenyewe, miaka kumi na tisa, mpaka alipokufa. Mama Matone aliishi akijua jambo moja tu kwa hakika, kwamba alimpunja mtoto wake.

Sasa alitaka kitu kimoja kabla ya tarehe thelathini, siku atakayokabidhi koti na funguo: ukuta umnase Kidole, hata mara moja. Alijaribu alichoweza. Alipangusa ukuta kwa kitambaa cha moto. Aliukwaruza kwa msasa mahali pale. Siku moja, nasema kweli, aliupaka gundi ya karatasi, akamnasa karani wa majalada ambaye hakuwa hata na habari.

Lakini katika kukaa pale kila siku aliona kwamba Kidole hakuwa peke yake. Dereva wa lori la mchanga naye aliteleza. Mapacha wanaouza viatu waliteleza wote wawili, wakagongana mlangoni, wakaombana radhi, wakaanza upya. Walizunguka mpaka wakachoka, wakarudi makazini kwao na nyuso za watu waliokosa nafasi. Akatoa madaftari yake ya zamani, aliyoyahifadhi nyumbani chini ya kitanda, akakaa nayo koridoni na penseli. Kila aliyenasa alimwekea duara. Kila aliyeteleza, mstari. Baada ya siku tano aliita Bwana Hadubini.

"Kaka, tazama safu ya makazi."

Waliopigiwa mstari wote walikuwa wa mtaa wa chini. Wengine walichanjwa wa kwanza kabisa, kwa chupa iliyofunguliwa saa ile ile, tone zima na tone zima. Na nyumba za wafanyakazi wa zahanati, alikolelewa Kidole, zilikuwa juu kidogo ya mtaa huo lakini zilikunywa bomba lake.

Bwana Hadubini alivua miwani akaifuta. Alisema yeye hana uhakika na kila kitu, ila tumbo lililochubuka kwa maji machafu siku hadi siku ni darasa lenye moto. Matone yanashuka, mwalimu hana nafasi, chembe zinatoka bila kuvishwa vishikizo vyake. Zinazunguka tu.

"Kwa hiyo si povu," alisema Mama Matone.

"Povu gani?"

Mama Matone alifunga daftari. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka thelathini kupumua mpaka mwisho wa pumzi, na mara baada ya hapo alishikwa na hasira ambayo hakujua aiweke wapi.

Kesho yake fundi cherehani alikuja tena, kwa kuwa wengine walipenda kurudia, akatokea uani na karatasi imemganda mgongoni kwa jasho. Mama Matone aliibandua. Ilikuwa nakala ya barua kutoka stoo ya majalada, imeandikwa kwa taipureta na mganga mkuu wa zamani kwenda ofisi ya maji. Ilisema bomba la mtaa wa chini, pamoja na nyumba za wafanyakazi wa zahanati, limepasuka mahali pawili na linapita ndani ya mfereji wa maji machafu. Huu ni mwaka wa tatu watoto wanaharisha kila mwezi. Tunaomba lihamishwe. Pembeni paligongwa muhuri wa wino wa zambarau: IMEPOKELEWA. Tarehe yake ilitangulia kifo cha Kidole kwa miezi mitatu.

Aliisoma amesimama, kisha akaisoma ameketi. Mumewe angeisoma naye, aliwaza, angejimiminia chai halafu pengine angeacha, angemwambia mimina wewe. Kilichomuuma zaidi ni hicho.

Alikwenda na Bwana Hadubini kwa mganga mkuu. Kijana wa watu aliisoma barua na madaftari kwa heshima zote, akawaambia pole mara tatu, na siku hiyo hiyo akaandika kwa wakubwa akiambatisha kila kitu. Majibu yalikuja upesi kuliko ilivyozoeleka. Afisa mmoja alifika, akatazama korido kuanzia saa nane hadi saa tisa, akanywa soda, akaandika ukurasa mzima. Baada ya siku nane walikuja mafundi seremala wawili na mbao ndefu iliyopakwa vanishi. Waliipigilia ukutani mwanzo hadi mwisho, usawa wa kiuno, kwa ajili ya wananchi wa mtaa wa chini wanaoshindwa kunasa. Barua iliyoifuata iliishukuru zahanati kwa ushirikiano. Kuhusu bomba, ilisema, suala limepokelewa.

Haitakuwa haki kusema mbao haikusaidia kitu. Dereva wa lori aliishika, akasimama mahali pa benchi mdomo wazi dakika zake mbili kama wengine. Ukuta haukumfungulia, lakini alisema afadhali kuliko kuteleza. Mapacha walishukuru. Mfagiaji alishukuru kuliko wote, kwa kuwa alama juu ya vanishi zinafutika. Watu wa mtaa wa chini walianza kuja wamejipanga, na mtu akichelewa kuiachia mbao anakumbushwa kwamba wenzake wanasubiri.

Ila mbao ilikuwa usawa wa kiuno cha mtu mzima. Kidole alipita chini yake bila kuinamisha kichwa.

Tarehe thelathini ilikuwa Alhamisi. Asubuhi walimkatia Mama Matone keki, mganga mkuu akasema maneno mazuri, msichana wa chanjo akalia, Bwana Hadubini akala vipande vitatu. Alikabidhi funguo. Koti jeupe aliomba alivue saa kumi, wakamkubalia. Saa nane kasoro dakika tano alikwenda koridoni, akaishika ile mbao, akajishusha taratibu magoti yakilia mpaka akaketi sakafuni, mgongo ukutani, mahali pa benchi hasa.

Walipita waliopita. Fundi alinasa juu ya kichwa chake akaingia zake ndani, dereva alishikilia mbao na kuomba radhi kwa viatu vyenye mchanga. Halafu sweta la manjano likaingia mlangoni. Bega, mgongo, bega. Mama Matone alinyoosha mkono wa kulia na kutoa kidole cha shahada, usawa wa ukuta, kama alivyokuwa akikitoa kila asubuhi wakienda kazini pamoja.

Kidole alikishika.

Alikishika kwa mkono mzima, kwa nguvu zile zile, na mzunguko wake ukasimama. Mkono ulikuwa na joto na unyevu kidogo, na ulivuta chini kwa uzito wa kilo kumi na moja, ambazo Mama Matone alizikumbuka kutoka kwenye kadi. Mtoto alifungua mdomo. Mama Matone hakuwa na chupa, wala isingesaidia. Alikuwa na maneno tu, na aliyasema kwa sauti ya kawaida ili asimtishe.

"Mama hakukupunja, mwanangu. Nilikupa yote yaliyokuwepo."

Kidole alifunga mdomo, akameza, akamtazama kama aliyedhulumiwa kitu. Walikaa hivyo dakika mbili, hakuna aliyewasukuma, ingawa foleni ilikuwa ndefu. Kisha vidole vidogo viliteleza, kimoja kimoja, na mtoto akaendelea na njia yake chini ya mbao, bega, mgongo, bega, mpaka mlango wa nyuma, akatoka pamoja na watu wa mtaa wa chini. Hakurudi kwa mlango wa mbele. Wengine waliendelea kuja siku zote, hata baada ya Mama Matone kustaafu. Zahanati iliwaongezea mikeka miwili na saa ya ukutani.

Mfagiaji alimwinua Mama Matone, akainama na kitambaa kujaribu kufuta alama ndogo ya kiganja iliyobaki chini ya mbao.

"Hiyo iache," alisema Mama Matone.

"Mkuu akiuliza?"

"Mwambie imepokelewa."

Alivua koti akalikunja, akaaga, akateremka kwenda nyumbani, kwenye zile zile nyumba za wafanyakazi ambako wastaafu waliruhusiwa kukaa miezi mitatu zaidi. Bombani alimkuta msichana wa chanjo amefika kabla yake, mtoto mgongoni, anakinga ndoo. Maji yalitoka kwa kukohoa, rangi ya chai ya pili, kama yalivyotoka miaka yote. Mama Matone alimuuliza kama anayachemsha. Akajibu anayachemsha, mama, gesi ikiwepo. Akaongeza kwamba Jumanne mtoto anatimiza umri wa matone, naye amepanga ampe mwisho, wakishaondoka wote, watu wasije wakasema.

Mama Matone alimwambia ampe wa kwanza, na watu waseme. Msichana alicheka kwa adabu, kwa namna ya mtu ambaye hatafanya hivyo. Mtoto mgongoni alitoa mkono kwenye kanga, akapapasa hewani, akakutana na kidole cha shahada cha Mama Matone, akakishika akakataa kukiachia. Mama Matone alisimama hapo akimngoja. Ndoo ilichukua muda mrefu kujaa.